Alama Mbichi za Subilaga

Matokeo yalitoka Alhamisi saa nne asubuhi. Kufikia saa nne na robo, soko zima la Mbasa lilikuwa limeshajua kwamba binti wa afisa mizani ameingia kwenye Arobaini.

Tusekile Mwambene alikuwa ofisini kwake, chumba kimoja nyuma ya jengo la kata, amejifunga kitenge mabegani kwa sababu ukungu wa Rungwe ulikuwa bado haujanyanyuka. Alilisoma jina la mwanawe mara tatu kwenye kioo cha kompyuta ya mezani. Subilaga alikuwa wa thelathini na nane kati ya watahiniwa wote wa kanda. Arobaini wa kwanza walisomeshwa na serikali chuo kikuu mpaka mwisho, ada na chakula na malazi. Wa arobaini na moja alipewa barua ya pongezi.

Watu wa ofisi walikuja kumpa mkono. Mhudumu wa masijala, mama mtu mzima mwenye sauti ya kwaya, alimkumbatia kabisa.

"Hongera, mama Subi. Mtoto katembea miaka minne, Mungu kaona."

"Asante, dada. Kaona kweli."

Wote walisema hivyohivyo: mtoto katembea. Na ilikuwa kweli. Bangili haidanganyi.

Kila mwanafunzi alifungwa bangili ya kijivu mkono wa kushoto siku ya kwanza ya sekondari, na ilikatwa siku ya mtihani wa mwisho. Ilihesabu hatua zake na kuzitofautisha na mwendo wa pikipiki. Ilipima alilala saa ngapi, alikula au hakula, alisomea mwanga gani. Mtihani ulikuwa mmoja kwa nchi nzima, lakini watoto hawakuufikia kwa njia moja. Kwa hiyo Mizani, ile mashine ya Baraza la Mitihani, ilichukua alama mbichi ya kila mtoto na kutafuta angepata ngapi kama asingebebeshwa mzigo aliobebeshwa. Jibu hilo ndilo lililompangia nafasi.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo bangili haikuweza kulijua, na kwa ajili ya jambo hilo kila kata iliajiri afisa mizani. Afisa alijibu swali moja kwa kila mtoto: je, hali hii ilikuwa ya lazima? Aliyekosa chakula alifidiwa. Aliyejinyima ili apungue mwili hakufidiwa. Ndiyo au hapana, kisha sahihi.

Kwa Subilaga swali lilijibiwa na afisa wa kata jirani, Gwamaka Mwakibete, maana mzazi haruhusiwi kumjibia mwanawe. Gwamaka alikuwa amempigia simu. "Dada Tuse, nyumba yako ipo nyuma ya shule. Mtoto anatembea kilomita tisa na nusu kutoka Nsoso kufanya nini?"

"Anakaa na bibi yake. Mama yangu anaumwa, hana mtu mwingine."

"Pole sana," Gwamaka alisema, akaandika ndiyo.

Bibi Lugano hakuwa anaumwa. Alikuwa na ng'ombe wawili na shamba la viazi, na alilima mwenyewe. Lakini maafisa wote walijua, ingawa haikuandikwa popote, kwamba umbali ukizidi kilomita tisa Mizani huwa na huruma kuliko inavyopaswa. Subilaga alipoingia kidato cha kwanza alikuwa mtoto wa alama themanini hivi. Themanini isingemfikisha popote. Wiki ile ya kufunguliwa shule mama yake alimfungia nguo kwenye begi, akamwambia bibi anadhoofika, nenda ukamtazame.

Sasa Tusekile alishusha orodha kwa kidole, kuona nani amebaki nje. Nafasi ya arobaini na moja ilikuwa ya mtoto wa Mbasa vilevile. Atuganile. Alikuwa amepitwa na wa arobaini kwa nusu alama. Kando ya jina lake, kwenye safu ya mzigo wa njia, palikuwa na sifuri, na chini ya sifuri ile namba ya sahihi ya afisa aliyejibu hapana.

Tusekile aliijua namba hiyo. Ilikuwa yake.

*

Jioni Subilaga alikaa jikoni na karatasi yake ya matokeo. Alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu, mwenye miguu ya mkimbiaji, na mkononi palibaki mviringo mweupe pale bangili ilipokuwa. Tangu mtihani uishe alikuwa amerudi kulala kwa mama yake, na bado aliomba ruhusa kabla ya kufungua kabati.

"Mama, nielekeze hapa. Hii sabini na moja ni nini?"

"Alama mbichi. Ulizopata kwenye mtihani wenyewe."

"Na hii themanini na saba?"

"Ya Mizani. Ndiyo inayohesabika."

Subilaga aliitazama karatasi kwa muda. "Themanini na saba ni mimi ambaye sikutembea."

"Ndiyo, tuseme hivyo."

"Yule angejua zile hesabu za mwisho. Mimi nilifika pale nikasinzia, mama. Nilisinzia kweli, msimamizi akanigusa bega." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Huko chuo watakuwa wanamtegemea yule. Halafu nitakwenda mimi."

"Utashika tu. Wewe una akili."

"Wamenipa alama zake. Mambo aliyoyajua yeye hawajanipa."

Tusekile aligeukia jiko na kukoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa. Katika miaka yake tisa ya kazi alikuwa amewafunga bangili watoto zaidi ya elfu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia jambo hilo. Yeye mwenyewe hakuwahi kulifikiri.

"Kuna kiapo wiki ijayo," alisema bila kugeuka. "Kila aliyeingia kwenye Arobaini, mzazi wake huapishwa. Ni utaratibu tu."

"Unaapa nini?"

"Kwamba ilikuwa lazima."

"Basi si ilikuwa lazima," alisema Subilaga, akainuka kuweka sahani.

*

Atuganile alikuja ofisini Ijumaa asubuhi, peke yake, amevaa sketi ya shule iliyopigwa pasi. Alikuwa mdogo wa umbo, na alizungumza taratibu kama mtu aliyeyapanga maneno yake njiani.

"Shikamoo, afisa."

"Marahaba. Kaa, mwanangu."

Hakukaa. Alinyoosha karatasi juu ya meza. "Nimeona hapa nimepewa sifuri ya njia. Nilikuwa natembea kutoka ng'ambo ya mto, kilomita nane na kitu. Bangili imeziandika zote. Halafu imeandikwa hapana."

"Mwongozo unasema kama kuna ndugu anayeishi karibu na shule, na ana chumba, basi umbali siyo wa lazima. Mjomba wako anakaa mita mia saba kutoka getini."

"Ndiyo."

"Ana vyumba vitatu."

"Ndiyo, anavyo."

Nje mtu alikuwa anapakia parachichi kwenye gari, na makreti yalisikika yakigongana. Tusekile alimjua mjomba huyo. Mbasa nzima ilimjua. Wasichana wawili wa kazi walikuwa wametoka nyumba ile wakikimbia, mmoja mchana kweupe, na kesi haikufika mbali kwa sababu ndugu walikaa wakayamaliza. Hakuna mama mwenye akili timamu ambaye angempeleka binti kulala pale. Siku ile ya kujibu maswali, Tusekile alikuwa na fomu mia moja na kumi na mbili mbele yake. Kwa Atuganile kalamu ilisimama, hilo alilikumbuka vizuri. Ilisimama, akaiwaza ile nyumba, akafikiri pia kwamba majibu ya ndiyo yakizidi katika kata moja wakaguzi huja na kuanza kuyapekua yote, moja moja, hata la Subilaga. Kisha akaandika hapana.

"Nilitaka tu kujua nani aliyeandika," alisema Atuganile. "Kuna namba, siyo jina."

Angeweza kusema ni ya makao makuu. Mtoto asingejua.

"Ni mimi."

Atuganile aliitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyejibiwa swali la darasani. Akakunja karatasi mara nne. "Asante, afisa," akasema, akatoka na kuufunga mlango kwa adabu.

*

Bibi Lugano alishuka kutoka Nsoso Jumamosi kumpongeza mjukuu. Alikuja kwa pikipiki ya umeme, amekaa upandeupande na dumu la maziwa mapajani. Alipofika alishuka bila kushikwa, akalinyanyua dumu kwa mkono mmoja, akalipeleka ndani hadi jikoni. Miaka sabini na minne.

Subilaga alimtazama akipita. "Bibi, kifua kimepona?"

Bibi Lugano alitua dumu chini. Alimwangalia Tusekile, na Tusekile akaangalia sakafu.

"Kifua changu," alisema bibi, "hakijawahi kuugua. Nimekohoa miaka minne kila nikikusikia unafungua mlango, kwa sababu mama yako aliniomba. Mwaka wa kwanza nilikubali. Mwaka wa pili nikamwambia basi. Ameshinda huyu. Mimi sasa nimezeeka kwa uongo, sitaki kufa nao. Mwambie, Tusekile. Usipomweleza vizuri nitamwambia mimi, na mimi sijui kupamba."

Akatoka nje kukaa uani, akawaacha wawili.

Tusekile alimwambia mwanawe yote akiwa amesimama. Alieleza ile huruma ya Mizani baada ya kilomita tisa, begi la nguo, simu ya Gwamaka. Alisema aliyafanya kwa ajili yake. Neno hilo alilisikia mwenyewe likitoka, akaliacha hapo.

Subilaga hakulia. Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Nilikuwa naamka saa kumi," alisema. "Kabla sijawasha taa nilikuwa nakwenda kitandani kwake kusikiliza kama anapumua. Kila siku, mama. Nilikuwa naogopa nitamkuta amekufa na mimi peke yangu. Njiani nilikuwa nawaza nikirudi nitakuta watu wamejaa uani. Nilikuwa siwazi masomo."

"Sikujua hilo."

"Ungejuaje? Ulikuwa unakuja Jumapili."

Tusekile alitaka kumshika mkono. Msichana aliurudisha mkono wake, bila hasira, kama mtu anayeondoa kikombe kisimwagike.

"Kuna jingine," alisema Tusekile, na akamweleza habari za Atuganile. "Kiapo ni Jumatano. Nikiapa, unakwenda chuo. Nisipoapa, nafasi yako inashuka. Wewe ndiye uliyetembea. Useme wewe unataka nini."

"Usiniulize."

"Subi."

"Usiniulize mimi, mama. Nikisema uape, nitakuwa nimeingia na mimi. Nikisema usiape, utasema nilikukataza. Miaka minne hukuniuliza. Na hili ulimalize mwenyewe."

Alitoka uani, akakaa kwenye kigoda kando ya bibi yake. Kupitia dirishani Tusekile aliwaona wamekaa, bibi akimpapasa mgongo yule mtoto aliyekuwa akimsikiliza pumzi.

*

Ofisi ya Gwamaka Mwakibete ilikuwa na dirisha pana lililotazama mashamba ya chai. Alikuwa mwanaume mnene mpole, aliyependa kazi imalizike kabla ya chakula cha mchana. Kitabu cha viapo kilikuwa mezani, na kinasa sauti cha Baraza kando yake, bado hakijawashwa.

"Dada Tuse, hongera tena. Hili ni jambo la dakika mbili. Nakusomea, unasema ndiyo, unaweka kidole."

"Usiwashe kwanza, kaka. Mama hakuwa mgonjwa."

Gwamaka aliweka kalamu chini. Alimsikiliza mpaka mwisho, akisugua paji la uso kwa vidole viwili. Alipomaliza, aliinuka akafunga mlango.

"Mama yako ana miaka mingapi?"

"Sabini na minne."

"Mtu wa sabini na minne hakosi mgongo. Hakosi macho. Nikiandika 'mzee aliyehitaji mwangalizi' nitakuwa sijaandika uongo, na wewe ukiapa hujaapa uongo. Mtoto alitembea, dada. Hakuna hatua hata moja ya kuiba pale. Wangapi wamehamisha watoto? Unadhani wewe ni wa kwanza? Mimi nawajua watano."

Ilikuwa kweli. Na kwa kitambo Tusekile aliiona njia hiyo, nyoofu, imefagiliwa, na mwanawe akiwa mwisho wake amevaa joho. Hakuna ambaye angemlaumu. Hata Atuganile asingejua. Asichoweza kukiona ni jinsi ambavyo angekaa meza moja na Subilaga akala.

"Mtu mwingine ametembea kilomita nane, nami nimeandika hapana," alisema. "Aliyekuwa hana pa kulala nimemwambia anapo. Wangu aliyekuwa na kitanda nikasema hana. Swali ni lilelile moja, kaka. Washa hicho."

"Nikiwasha, halifutiki."

"Najua."

"Na hilo la yule msichana ukilirekebisha, lazima uandike sababu. Watauliza kwa nini hukuijua nyumba ile mapema."

"Nitaandika kwamba niliijua."

Gwamaka alirudi kukaa kitini. Kisha akawasha kinasa sauti na kusoma swali kwa sauti ya kazi, kavu: je, umbali aliotembea mtahiniwa ulikuwa wa lazima?

"Haukuwa wa lazima," alisema Tusekile, akaweka kidole.

*

Mizani ilihesabu upya siku hiyohiyo. Ilimwondolea Subilaga mzigo wa njia na kumwachia ule mdogo wa mwanga hafifu wa Nsoso, akabaki na sabini na nne, nafasi ya mia sita na kitu. Atuganile alipewa kilomita zake na kuingia kwenye Arobaini. Tusekile alisimamishwa kazi Ijumaa. Barua ya kuachishwa ilikuja baada ya wiki tatu. Waliokuwa wamempa mkono ofisini walianza kupita upande wa pili wa barabara. Yule mama wa masijala alimwambia waziwazi kwamba amemuua mtoto wake kwa mdomo.

Subilaga alirudi Nsoso. Safari hii alikwenda kwa kutaka mwenyewe. Alijiandikisha kurudia mtihani mwaka ufuatao kama mtahiniwa binafsi, na watahiniwa binafsi hawavai bangili. Wanapewa alama mbichi tu, na nafasi zao za ufadhili ni chache mno. Mama yake alipomwandikia kuuliza kama anahitaji chochote, alijibu: Vitabu vya hesabu, vile vya mwisho. Tusekile alivitafuta Tukuyu kutwa nzima, akavipata, akavituma. Jibu lilikuwa neno moja: Vimefika. Alilisoma mara nyingi kuliko alivyosoma matokeo.

Wiki ya sita, asubuhi, alikuwa barazani akimenya viazi alipokuja mwanamke asiyemfahamu sana, amebeba ndoo ndogo ya maharage mabichi kichwani. Aliitua kwa uangalifu.

"Hodi. Mimi mama yake Atuganile."

Tusekile alisimama, kisu mkononi. "Karibu, mama."

"Mtoto anaondoka Jumatatu kwenda chuo. Nikasema siwezi kukaa kimya." Aliisogeza ndoo kwa mguu. "Nimeambiwa ulisema kule, na kazi ikaondoka."

Kulikuwa na njia ya kuipokea shukrani hiyo na kumaliza. Tusekile aliweka kisu chini.

"Mama, sistahili haya maharage. Aliyeandika hapana mara ya kwanza nilikuwa mimi. Na sikukosea kwa kutojua. Nilimjua kaka yako."

"Najua," alisema yule mwanamke. "Atuganile aliniambia siku ileile aliyotoka ofisini kwako. Nilikaa siku tatu nikikuwaza vibaya, mambo ya kutisha. Hayo siwezi kukuficha." Alipumua. Alikuwa na mikono ya mtu wa kuchuma chai, vidole vimeiva rangi. "Maharage ni kwa ile ya pili. Kwa ile ya kwanza sijaja. Sijafika huko."

"Sawa, mama."

"Na binti yako?"

"Yuko Nsoso. Anasoma."

"Anakusemesha?"

"Kidogo."

Mwanamke aliitikia kwa kichwa, akavua kandambili zake na kukaa kwenye mkeka, mbali kidogo na lilipokuwa beseni la viazi.

"Chai nitakunywa," alisema. "Hayo mengine tusiyaharakishe."

Tusekile aliingia ndani kubandika maji. Alipotoka na vikombe alikuta mgeni ameshachukua kisu na anamenya viazi vyake, kimyakimya, maganda membamba kabisa, kama mtu aliyezoea kutopoteza kitu.